Njia 40 za Kula Mali ya Serikali: Kautilya na Meneja wa Leo

Mabibi na mabwana, Arthashastra, andiko la kale la India kuhusu utawala linalohusishwa na mshauri wa mfalme aitwaye Kautilya, ina vitabu 15, yaani sehemu 15. Semina za uongozi hupenda viungo vyake 7 vya dola, kuanzia mfalme hadi dola rafiki. Leo nabaki kwenye kitabu cha 2, maana humo ndimo tunaona nani ashike fedha, nani aandike na nani akague.

Kautilya anataja njia 40 za kula mali ya serikali. Ya kwanza kabisa: kilichopokelewa mapema kinaandikwa baadaye. Kati ya tarehe hizo mbili, fedha inamzalishia mtu mfukoni. Nyingine ni kuandika mapato ya chanzo hiki kwenye chanzo kile, kuonyesha kilicholipwa kuwa hakijalipwa, kuchezea mizani. Mkaguzi yeyote anazijua.

Ofisa akishukiwa, wanahojiwa mtunza ghala, karani wa daftari, mpokeaji, mlipaji, aliyeamuru malipo na msaidizi wa ofisa huyo, kila mmoja peke yake. Anayesema uongo anaadhibiwa sawa na mkuu wake. Kisha linatolewa tangazo: aliyedhulumiwa na huyu ajitokeze. Anayefichua wizi na kuuthibitisha hupewa sehemu 1 ya 6 ya fedha. Akiwa mtumishi wa serikali, 1 ya 12.

Hilo la peke yake lishikeni sana. Hata mwisho wa mwaka, maofisa walitakiwa kuleta vitabu vya hesabu vilivyotiwa muhuri na hawakuruhusiwa kuzungumza wao kwa wao. Ukiwahoji wote kwenye kikao kimoja, wa pili anajibu kwa kumsikiliza wa kwanza, nawe unatoka na maelezo yaliyokwisha kulinganishwa.

Anataka pia kila idara iwe na wakuu kadhaa, wa muda. Wakishikamana, wanakula pamoja. Wakigombana, kazi inaharibika. Lakini kwetu leo, huko kubadilisha watu huleta tatizo pale mtu wa fedha anapohamishwa bila makabidhiano ya maandishi: mrithi wake anajibia upungufu asioujua.

Msiige kila kitu. Kautilya alishauri watu wa siri watumwe kuwashawishi mawaziri kwa fedha, mapenzi, dini na hofu, ili wapimwe. Lakini hata yeye alionya kwamba kumjaribu mtu safi hivyo ni kama kutia sumu kwenye maji: huenda dawa isipatikane tena. Anzeni na tarehe za risiti.