Luffy Hawezi Kuanzia Leveli ya Kwanza

BARAKA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Baraka, na hapa pembeni yupo dada yangu Zuhura. Leo hatuna mgeni, tunabishana wenyewe.

ZUHURA: Kama kuna siku hatubishani. Haya, taja mada.

BARAKA: Gemu ya One Piece Odyssey, iliyotokana na One Piece, ile manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, ya haramia Luffy na kikosi chake. Ilitoka Januari 2023, imetengenezwa na studio ya Kijapani inaitwa ILCA, wachapishaji Bandai Namco. Watu walitarajia gemu ya kurusha ngumi bila kupumua, wakakuta ni RPG, gemu ya kukuza wahusika, tena ya zamu: unachagua shambulio lako, adui naye anachagua lake, mnapokezana. Wengi walinuna.

ZUHURA: Walinuna bure. Mimi nasema manga inakaa vizuri zaidi kwenye gemu ya zamu kuliko kwenye gemu ya kupigana.

BARAKA: Kubwa hilo. Litetee.

ZUHURA: Fungua manga yenyewe, usiangalie anime, ile katuni ya video. Ngumi moja ya Luffy inaweza kula kurasa mbili nzima. Muda umesimama. Kabla ya ngumi kuna picha ya jicho la adui, kuna picha ya mwenzake Nami amefumba mdomo kwa mkono, kuna mtu pembeni anaeleza hiyo mbinu inafanyaje kazi. Mambo hayo yote yanatokea ndani ya sekunde moja, na msomaji ndiye anayeamua lini ageuze ukurasa. Gemu ya kupigana inaua hicho kitu chote, inabaki kasi ya vidole. Kwenye gemu ya zamu dunia inasimama, unafikiri, ndipo unaamua.

BARAKA: Kama wazee wa bao. Mtu anahesabu kete kichwani dakika nzima, watu wameshaanza kumzomea, ndipo mkono unashuka.

ZUHURA: Na utamu wote uko kwenye ile dakika. Halafu wanaosema manga na gemu za zamu haziendani wamesahau zilivyokua pamoja. Dragon Quest ilipotoka mwaka 1986, aliyeiandika ni Yuji Horii, ambaye alikuwa anaandikia jarida la Shonen Jump. Aliyechora wahusika na mazimwi ni Akira Toriyama, huyu huyu wa Dragon Ball, ambayo wakati huo ilikuwa inaendelea kwenye jarida hilo hilo. Gemu iliyowafundisha Wajapani wengi RPG ilipigiwa debe ndani ya jarida la manga.

BARAKA: Na Dragon Ball yenyewe ikapata gemu za karata kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Ile ya mwaka 1988, halafu ya Wasaiyan, wapiganaji wa humo, mwaka 1990. Hukubonyeza shujaa wake Goku arushe teke. Ulichagua karata, ina namba ya kushambulia na namba ya kujikinga, kisha unatazama kinachotokea.

ZUHURA: Hata manga ya JoJo ilipata RPG yake kwenye Super Famicom mwaka 1993. Kwa hiyo Odyssey haijaleta kigeni, imerudi nyumbani.

BARAKA: Sawa, historia nimekupa. Sasa twende kwenye tatizo langu, nalo ni namba. RPG inataka uanze dhaifu. Leveli ya kwanza, unapigana na vijidudu, unapanda taratibu. Lakini Luffy ninayemjua kufikia sura za Dressrosa ameshapigana na watu wanaopasua visiwa. Utamwambiaje mchezaji huyu jamaa anasumbuliwa na mnyama wa porini?

ZUHURA: Ndiyo maana wakaleta Lim.

BARAKA: Waeleze ambao hawajacheza.

ZUHURA: Meli yao, Thousand Sunny, inavunjika kwenye dhoruba, wanaishia kisiwa kinaitwa Waford. Huko wanakutana na mtu anaitwa Adio na binti anaitwa Lim, ambaye hataki hata kumsikia haramia. Lim anawanyang'anya nguvu zao, nguvu zinageuka kuwa vijiboksi vya umbo la mchemraba, vinatawanyika kisiwani. Tangu hapo kazi ni kuvitafuta. Eiichiro Oda mwenyewe, mchoraji wa manga ya One Piece, ndiye aliyewachora hao wawili, na mazimwi pia, kwa hiyo hawaonekani kama wamebandikwa.

BARAKA: Wamechorwa vizuri, sikatai. Lakini ni ujanja wa mwandishi aliyebanwa. Kila gemu ya shujaa maarufu inafanya hivi: amepoteza kumbukumbu, amelaaniwa, ameibiwa nguvu. Umeshaujua mlango kabla hujaugusa.

ZUHURA: Ujanja upo, lakini ungependa nini? Waanze tangu kijijini kwa Luffy? Manga imeanza mwaka 1997 na haijaisha. Gemu ingekuwa na urefu gani?

BARAKA: Hapo umenibana.

ZUHURA: Na usisahau raha ya mwanzo. Kabla Lim hajawagusa, unacheza na kikosi chenye nguvu zake zote. Unapiga, maadui wanaruka kama makapi. Halafu unaona leveli inaporomoka mbele ya macho yako. Mimi niliumia kweli kweli, kama nimeibiwa mimi.

BARAKA: Hiyo nakubali, imefanywa vizuri. Tuongelee pambano lenyewe sasa, maana huko ndiko mimi nawavulia kofia. Kuna aina tatu: nguvu, kasi na ufundi. Nguvu inashinda kasi, kasi inashinda ufundi, ufundi unashinda nguvu. Luffy ni nguvu, wenzake Zoro ni ufundi na Usopp kasi. Hadi hapo ni jiwe, karatasi, mkasi, mtoto anaelewa. Kilichonishika ni uwanja. Kikosi chako cha watu wanne hakisimami mstari mmoja kama kwenye gemu za zamani. Pambano linaanza, watu wametawanyika kwenye maeneo tofauti, kila eneo na maadui wake.

ZUHURA: Na ndivyo Oda anavyochora vita! Kila mtu kona yake na mpinzani wake.

BARAKA: Basi nipe picha hii. Luffy na Zoro wako upande mmoja, wanamaliza kazi. Nami yuko peke yake na adui mmoja. Usopp yuko kule mwisho, maadui watatu wamemzunguka. Mara nyingi huwezi kwenda eneo lingine kama hujamaliza walio mbele yako. Usopp anaweza kupiga mbali, lakini mbinu zake zinakula pointi, na pointi zinarudi ukipiga pigo la kawaida. Ghafla gemu inakupa sharti: mwangushe huyu adui kabla hajampiga mwenzako, utapata uzoefu wa ziada mwingi. Unafanyaje? Unaweza kubadilisha mtu, umtoe Usopp, uingize Sanji, na kubadilisha hakuli zamu yako.

ZUHURA: Ningemwacha Usopp.

BARAKA: Na mimi nilimwacha! Kwa sababu namjua Usopp. Usopp akizungukwa na watatu ndipo anakuwa Usopp. Hapo nilisahau kabisa namba zangu.

ZUHURA: Umeona sasa? Huo ni ukurasa wa manga umeuamua mwenyewe.

BARAKA: Ngoja, usisherehekee mapema. Kasoro iko hapa: gemu ni rahisi mno. Vile vimasharti vya uzoefu wa ziada vinakupandisha leveli haraka, ukifika kwa bosi, yule adui mkubwa, umeshamzidi. Usopp wa kwenye manga anashinda kwa kudanganya, kwa kutega, kwa kukimbia huku analia. Usopp wangu alishinda kwa sababu namba yake ilikuwa kubwa. Kitu kilichonifanya nimpende kimebaki kwenye uhuishaji tu, hakimo kwenye hesabu.

ZUHURA: Mh.

BARAKA: Chukua Crocodile kwenye manga, adui anayegeuka mchanga. Luffy anapigana naye mara tatu. Mara ya kwanza anachomwa kwa ndoano na kufukiwa mchangani. Mara ya pili amegundua kwamba maji yanamfanya Crocodile ashikike, anakuja na pipa la maji mgongoni. Anapoteza tena, anakaushwa mwili. Mara ya tatu maji hana, anatumia damu yake mwenyewe. Hiyo ni gemu ya zamu tayari! Ni fumbo. Adui hapigiki, unapoteza, unajifunza, unarudi na kifaa, hakitoshi, unatafuta kingine. Nani kakuambia uniletee Crocodile ambaye ni mfuko wa pointi za uhai, nimpige hadi ziishe?

ZUHURA: Hapo sina pa kukimbilia. Na hili halipo Odyssey peke yake, gemu za manga karibu zote zinaogopa kumwacha mchezaji ashindwe. Unamshinda bosi kwa mikono yako, halafu inakuja video inaonyesha shujaa wako yuko chini anahema.

BARAKA: Inanikera hiyo! Nimeshinda mimi!

ZUHURA: Lakini nikuulize. Memoria huoni inajaribu kukwepa hilo? Kwa msikilizaji: ili kurudisha nguvu, wanaingia ndani ya kumbukumbu zao wenyewe. Alabasta, Water Seven, Marineford, Dressrosa, sehemu za kwenye manga. Na kumbukumbu hazifuati tukio lilivyokuwa, zimepindapinda. Marineford ndiyo iliyonigusa. Kwenye manga Luffy alikwenda kumwokoa kaka yake Ace bila hata mwenzake mmoja wa kikosi, walikuwa wametawanywa duniani. Kwenye gemu anaingia nao. Ukishasoma ile manga, kumwona tu Zoro pale kwenye ule uwanja ni kitu.

BARAKA: Ni kitu, ndiyo. Lakini kwa mtu ambaye hajasoma?

ZUHURA: Hajui kwa nini alie.

BARAKA: Basi gemu imeandikwa kwa waliokwisha kulia. Na hata sisi tunajua ni kumbukumbu, tukitoka humo dunia haijabadilika. Kwa hiyo saa nyingi nimetembea mjini Water Seven nikitumwa huku na huku, najiambia, hivi hapa napigania nini?

ZUHURA: Matembezi ni marefu, hapo sikupingi. Ila kisiwani Waford nilifurahi. Luffy anarusha mkono, anajivuta hadi juu ya jabali. Chopper anapenya kwenye vitundu. Zoro anakata milango ya chuma. Kila mmoja ana sababu ya kuwepo.

BARAKA: Wangeliingiza hilo kwenye mapambano ya mabosi, nisingekuwa na neno. Haya, kabla hatujafunga: ungepewa wewe manga moja uifanyie gemu ya zamu, ungechukua ipi?

ZUHURA: Hunter x Hunter. Bila kufikiri. Nen, nguvu wanazotumia humo, ni kanuni tupu. Ukijiwekea sharti gumu, nguvu inaongezeka. Mhusika Kurapika ana mnyororo anaoruhusiwa kuutumia kwa watu wa genge la Phantom Troupe peke yao. Akiutumia kwa mwingine, anakufa. Mbinu yenye nguvu kuliko zote kwenye gemu, iko pale kwenye orodha kila zamu, na pambano zima hujui kama unayepigana naye ni wa genge lile.

BARAKA: Mama yangu. Na mimi nimebakiwa na uhai kidogo, adui amebakiza pigo moja...

ZUHURA: Ungebonyeza?

BARAKA: Ningebonyeza.

ZUHURA: Umekufa, kaka. Rudi ulipohifadhi mara ya mwisho.