Orki Mia Nane: Kwa Nini Mashabiki Hununa Kisa cha Kale Kikitolewa Upya

Habari za jioni, ndugu zangu. Kabla ya lolote, onyo: leo nitafichua siri za visa vitatu vya michezo ya kuigiza ya mezani: Keep on the Borderlands, Tomb of Horrors na Masks of Nyarlathotep. Anayesubiri kuvicheza aende zake akanywe chai, hatutamcheka.

Kisa ni kitabu cha safari ambayo kundi huicheza mezani, kila mtu akiigiza mhusika wake na mwongozaji akisimulia mengine. Kisa cha kale kikitolewa upya, malalamiko ni yaleyale: kimelainishwa, kimevimbishwa, kimeharibiwa. Mwandishi akisikia "kimelainishwa" hukimbilia kuyaongezea mazimwi nguvu, na hapo ndipo anapopotea. Shabiki maumivu anayo kweli, ila mara nyingi anashika tumbo wakati kinachouma ni jino.

Tuanze na Keep on the Borderlands, kisa cha mchezo wa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax ya 1979. Kuna ngome mpakani, na karibu yake bonde lenye mapango ya mazimwi: orki, goblini na wenzao. Kwa kanuni za Basic, yaani za wanaoanza, za 1981, mpiganaji anahitaji pointi 2,000 za uzoefu ili afike ngazi ya pili. Orki mmoja ana pointi 10, tena zinagawanywa kwa kundi. Wapiganaji wanne wanahitaji pointi 8,000, yaani orki 800. Bonde zima halina orki 800! Pointi zilitoka wapi basi? Kwenye dhahabu. Kila sarafu ya dhahabu iliyofikishwa salama nje ya pango ilikuwa pointi moja. Kwa hiyo mchezaji mwerevu hakupigana akiweza kukwepa. Alinyata, alihonga, aliwachonganisha majirani wa mapangoni, akabeba sanduku na kutoweka.

Sasa chukueni kanuni za toleo la tano la mchezo huohuo, la 2014. Ngazi ya pili ni pointi 300 kwa kila mtu, na orki ana pointi 100. Watu wanne wanamaliza kazi kwa orki 12. Dhahabu haina pointi hata moja. Ukiyahamisha mapango yaleyale bila kugusa malipo, umegeuza kisa cha wizi kuwa machinjio. Shabiki mkongwe anaonja tofauti hiyo, anasema kimelainishwa. Nawe ukimwongezea orki uhai kutoka pointi 15 hadi 30, umerefusha machinjio tu.

Anayetaka kuurudisha mchezo wa zamani kwa kanuni mpya na aanze na malipo. Orki apewe pointi 10 kama zamani, na dhahabu irudishiwe thamani. Si moja kwa moja, maana masanduku ya zamani yatawarusha wachezaji juu kama fataki. Gawanya 2,000 kwa 300: unapata karibu 7. Basi sarafu 7 za dhahabu ni pointi moja. Lakini angalieni, kigawanyo hicho kinafaa kwa ngazi ya pili tu. Ya tatu ni 4,000 kwa kanuni za kale na 900 kwa mpya, yaani nyongeza ya 2,000 dhidi ya 600, kwa hiyo kigawanyo kinashuka hadi kama 3.3. Wengi hushika namba moja mpaka mwisho, halafu wanashangaa kundi limekwama.

Kisha rudisheni dadu mbili za pande sita, mahali pawili. Kwanza, kundi likikutana na viumbe: jumla ikiwa 2 wanashambulia papo hapo, ikiwa 12 wanakuwa marafiki, katikati kuna kusitasita na maneno. Pili, mmoja wao akifa, na tena nusu yao wakianguka: orki wana moyo, yaani namba ya ujasiri, wa 8; ukitupa zaidi ya 8 wanakimbia au wanasalimu amri. Hiyo ni nafasi 10 kati ya 36, zaidi kidogo ya robo, kila unapotupa. Pigano la nusu saa linakwisha kwa dakika kumi.

Kampuni ya Goodman Games ilipotoa Into the Borderlands mwaka 2018 ilichapisha kurasa za kale pamoja na tafsiri ya kanuni mpya. Ni ujanja mzuri kuliko unavyoonekana, kwa sababu mwenye shaka anafungua na kujilinganishia mwenyewe.

Tomb of Horrors, kisa cha kaburi lililojaa mitego, ni kesi nyingine. Kilichezwa kwanza kama shindano, kwenye mkutano wa wachezaji wa Origins mwaka 1975, kikachapishwa 1978. Kwenye shindano unakabidhiwa mhusika aliyekwisha kutengenezwa; akifa umepoteza nafasi, hukupoteza mtu uliyemlea miaka miwili. Toleo la 2017, ndani ya Tales from the Yawning Portal, linatumia kanuni ambazo sumu hupunguza uhai badala ya kuua papo hapo, na hapo kelele zikapanda. Ila mtego wa uso wa kijani wenye mdomo wazi, ulio ukutani, bado unammeza anayeingia, na mwili haubaki, kwa hiyo hata uganga wa kumfufua aliyekufa dakika hii hii haumfai kitu. Ushauri wangu: kichezeni jioni moja, kwa wahusika wa kuazima. Ukikiingiza katikati ya safari ndefu, ama utakilainisha ama utagombana na marafiki.

Masks of Nyarlathotep, kisa cha mchezo mwingine, Call of Cthulhu, ambamo wachezaji ni wapelelezi wanaopambana na waabudu wa miungu ya kutisha, ni cha Larry DiTillio na Lynn Willis, cha 1984, na kinatuhusu zaidi, kwa kuwa sura yake moja iko Kenya. Kilikuwa na shimo mwanzoni: rafiki wa wapelelezi, Jackson Elias, anakutwa ameuawa New York, na wachezaji wanatakiwa kumlilia mtu wasiyemjua. Toleo la 2018 likaongeza utangulizi wa Peru wa mwaka 1921, mkutane naye akiwa hai. Ni nyongeza ya maana. Kitabu kimezidi kurasa 600, na wanaosema kimevimba wana haki, lakini Peru si mahali pa kukata.

Lawama nzito ilikuwa kwamba waabudu waovu wa kisa hicho ni Waafrika na Waasia mno. Toleo jipya linamwelekeza mwongozaji kuhusu ubaguzi wa enzi ile, lakini kwa meza ya Waswahili hayo hayatoshi. Wapelelezi wanashuka Mombasa, wanapanda treni kwenda Nairobi, mwaka 1925. Wekeni kipande, kile kitambulisho cha lazima cha wakoloni, shingoni mwa wanaume Waafrika. Wekeni Gavana Coryndon aliyefariki Februari na Grigg aliyeingia Oktoba, na Harry Thuku, mpinzani wa wakoloni, aliye uhamishoni tangu 1922. Hapo mchezaji ataona kwamba mtu anayekataa kusema na mgeni ana sababu nyingi za kunyamaza kabla ya kuwa mwabudu wa chochote.

Kitu kimoja msikiguse: tarehe 14 Januari 1926. Kupatwa kwa jua kwa siku hiyo ni kwa kweli, kivuli chake kilipita Uganda na Kenya, na ndiyo siku ya ibada kuu ya waabudu, kwa hiyo saa yote ya kisa inahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo. Safari ya meli ikiwachelewesha wachezaji, wacheni iwacheleweshe.