Tiketi Zimekwisha, Timu Imefungwa

Ndugu zangu, wenye Simba yenu na Yanga yenu nivumilieni kidogo, leo sendi Kariakoo. Nawapeleka Lincoln, jimbo la Nebraska, Marekani. Timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha pale imekuwa ikimaliza tiketi zote za mechi za nyumbani tangu Novemba 1962, ukiacha ule mwaka wa korona. Mechi zimeshavuka 400. Jimbo halina timu ya ligi kubwa za kulipwa, kwa hiyo mapenzi yote yamerundikwa hapo. Siku ya mechi, watu zaidi ya 80,000 wamevaa nyekundu.

Na walizoea raha. Tom Osborne alifundisha kuanzia 1973 hadi 1997, akaondoka na ubingwa wa taifa mara tatu. Mrithi wake, Frank Solich, alifukuzwa 2003 akiwa ameshinda mechi tisa na kupoteza tatu msimu ule. Tisa! Bo Pelini naye, 2014, tisa kwa tatu vilevile, kwaheri. Baada ya 2016 hizo tisa zikawa ndoto.

Akaletwa Scott Frost, mtoto wa nyumbani, aliyecheza katika kikosi cha ubingwa wa 1997. Nani angempinga? Msimu wa 2021 walipoteza mechi tisa, na hakuna kipigo kilichofika tofauti ya pointi kumi. Afadhali ufungwe vibaya, ulale.

Septemba 10, 2022, wakaja Georgia Southern, wageni wa kupigwa. Pale nyumbani, Nebraska ikifikisha pointi 35 ilikuwa haijawahi kufungwa: mara 214 kwa 214. Siku hiyo wakapata 42. Zikiwa zimebaki sekunde 36, Kyle Vantrease wa wageni akaukumbatia mpira, akakimbia nao mwenyewe mpaka ndani. 45 kwa 42.

Kesho yake Frost akatimuliwa. Sasa tazameni kalenda: fidia yake ilikuwa dola milioni 15, na ingeshuka hadi milioni 7.5 Oktoba mosi. Wiki tatu tu! Wakubwa hawakungoja. Wengine husema huo ndio usikivu. Mimi nasema walisikia wakiwa wamechelewa miaka miwili, wakalipa faini ya uziwi wao.

Kwa nini uziwi? Shabiki aliyechoka ana silaha moja, kubaki nyumbani. Nebraska wamempokonya. Mwaka 2021 tiketi zilipokuwa zinadoda, wafadhili walizinunua kwa maelfu, wakawapa watoto wa familia zisizo na uwezo. Jambo jema, silikatai. Lakini rekodi ikabaki salama, na kiti cha aliyesusa kikawa na mtu. Atasikika vipi? Yanga walipotembeza bakuli la michango kwa mashabiki msimu wa 2018/19, angalau klabu ilijua inamwomba nani.

Agosti 30, 2023, uwanja uleule ulijaza watu 92,003. Walikuja kutazama voliboli ya wanawake ya chuo hichohicho. Timu ile inashinda.

Naona mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nitaje bakuli. Karibu, mzee, mpeni kipaza sauti.