Seva Yetu, Bila Bando: Gemu la Wengi Kutoka Mbeya

LUSAJO: Mugonile kwa wote mnaotusikiliza Rungwe na Kyela, na kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe. Leo tunaongelea seva ya gemu, yaani kompyuta inayobeba dunia ya gemu. Seva unayoiwasha mwenyewe, iko mezani kwako, watu wanaingia na simu zao mnacheza dunia moja. Niko na dada Atu, amepanda basi toka Iringa kuja Mbeya kwa ajili ya kipindi hiki.

ATU: Asante kaka Lusajo. Nimeshuka Uyole nikakaribishwa na baridi, lakini tumefika salama.

LUSAJO: Karibu sana. Sasa nianze na jambo ninalotamani kila kijana wa huku alijue. Kucheza pamoja hakuhitaji intaneti. Mtu akisikia gemu la wengi, kitu cha kwanza anawaza bando, anaanza kuhesabu megabaiti. Lakini kama mko nyumba moja au darasa moja, data haina sababu ya kutoka nje. Ruta ya Wi-Fi, hata ikiwa haina laini ndani, inaunganisha vifaa vyenyewe kwa vyenyewe. Kompyuta moja inakuwa seva, simu zinaingia kwake. Bando halitumiki kabisa.

ATU: Ngoja kwanza hapo. Kuna watu wamejaribu hivyo na simu hazikuiona seva. Wi-Fi imeshika vizuri, lakini ukiingia kwenye gemu haikubali.

LUSAJO: Mara nyingi sababu ni mbili. Ya kwanza, baadhi ya ruta zina mpangilio wa kutenga vifaa, yaani kila simu inaongea na ruta tu, haioni jirani yake. Unauzima kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Ya pili ni ukuta wa ulinzi wa kompyuta yenyewe. Windows itakuuliza kama unaruhusu programu hii kupokea wageni; mtu anabonyeza kukataa bila kusoma. Ukishakataa, seva inawaka vizuri, haileti kosa lolote, ila hakuna anayeingia.

ATU: Na anwani, yaani namba ya seva kwenye mtandao. Leo seva ni 192.168.1.5, kesho ruta ikizimwa na kuwashwa inakuwa 192.168.1.9, watoto wanaanza kuulizana upya.

LUSAJO: Ndiyo maana unaiambia ruta iihifadhie hiyo kompyuta anwani moja. Ruta nyingi zina sehemu hiyo. Ukifanya mara moja, imekwisha.

ATU: Haya, tutaje gemu. Sisi wawili tunatumia Luanti. Wengi wanaijua Minecraft, kwa hiyo waeleze kwa nini hatukwenda huko.

LUSAJO: Minecraft ni gemu zuri, sina neno nayo. Lakini inalipiwa, na toleo la Java la kompyuta haliongei moja kwa moja na toleo la simu, inabidi uweke programu ya kati ya kutafsiri. Vijana wetu wana simu, na simu zenyewe ni za kawaida. Luanti ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Aliianzisha Perttu Ahola wa Ufini mwaka 2010 kwa jina la Minetest, na jina likabadilishwa Oktoba 2024. Iko kwenye Android, na faili lake unaweza kumrushia mwenzako kwa Bluetooth bila kupakua tena.

ATU: Na watu waelewe kwamba Luanti ni injini, yaani msingi ambao magemu yanaendeshwa juu yake. Ukiifungua mara ya kwanza unaweza kukuta haina gemu ndani. Unachagua mwenyewe: kuna Minetest Game ambayo ni nyepesi na tupu kidogo, kuna VoxeLibre na Mineclonia ambazo zinafanana zaidi na Minecraft. Hapo ndipo unahitaji intaneti, mara moja tu, upande wa seva. Mimi kwa wanaoanza napendekeza Minetest Game. Utupu wake ndio unaokupa nafasi ya kuweka vya kwako.

LUSAJO: Mashine sasa. Laptopu ya zamani inatosha, na kwa huku kwetu naiona bora kuliko kompyuta ya mezani, kwa sababu umeme ukikatika betri inaibeba. Hata ikishika nusu saa tu, unapata muda wa kuizima kistaarabu. Seva ikizimika ghafla, mabadiliko ambayo hayajaandikwa kwenye diski yanapotea. Halafu zima ile tabia ya laptopu kulala ukifunga kifuniko. Mtu anaifunga aipangie vizuri mezani, wote wanatolewa nje.

ATU: Ruta nayo?

LUSAJO: Ruta nayo itafutie betri. Soma kibandiko chini yake, kimeandika volti na ampea inazotaka, unanunua kibetri kinacholingana. Laptopu ikiwa hai na ruta imekufa, hamna gemu.

ATU: Kuwasha.

LUSAJO: Kwenye kompyuta unafungua Luanti, unatengeneza dunia mpya, unaweka alama kwenye kisanduku cha kuwa mwenyeji, unaweka jina na neno la siri, unaanza. Hiyo ni kwa jioni moja ya kujaribu. Ukitaka idumu, unaiwasha bila picha, kwa amri ya luanti ikifuatiwa na neno --server, ukiitajia dunia na poti, yaani namba ya mlango ambao wachezaji wanaingilia. Poti yake ya kawaida ni 30000, na ni ya UDP, njia mojawapo ya kusafirisha data. Mipangilio inakaa kwenye faili la maandishi linaloitwa minetest.conf, jina la zamani limebaki humo. Wachezaji wamewekewa kikomo cha 15 kwa kawaida, unaweza kuongeza. Ukiona inaganda, punguza kwanza umbali ambao seva inawatumia wachezaji vipande vya dunia. Dunia imejengwa kwa bloku, yaani vijisanduku, na kipande kimoja ni bloku 16 kwa 16 kwa 16, yaani bloku 4,096. Sasa fikiria watu 10 wanakimbia kuelekea pande 10 tofauti, kila mmoja anadai vipande vipya. Hapo ndipo mashine inahema.

ATU: Sasa mimi naomba niongelee kinachonileta huku. Modi, yaani nyongeza unazoweka kwenye gemu. Kwa sababu hapo ndipo dunia inaanza kuwa ya kwenu.

LUSAJO: Endelea, dada.

ATU: Luanti ina tabia moja ninayoipenda mno. Modi unaiweka kwenye seva tu. Picha na sauti zake zinatumwa kwa simu wakati mtu anaingia, na msimbo wenyewe unafanya kazi kwenye seva. Mtoto hahitaji kusakinisha chochote cha ziada. Mara ya kwanza anasubiri kidogo, mara ya pili simu yake imeshahifadhi. Kwa hiyo ukibuni kitu asubuhi, ukaiwasha seva upya, mchana wote wanacho mikononi.

LUSAJO: Wape mfano wa parachichi.

ATU: Kulikuwa na binti mmoja kwenye kundi letu aliuliza kwa nini gemu lina tufaa na halina parachichi. Swali la haki kabisa. Njombe na Rungwe parachichi ni mali, tufaa analiona kwenye picha. Nikamwambia tulitengeneze. Unafungua folda, unaiita parachichi. Ndani unaweka faili mod.conf lenye jina la modi, na faili init.lua, la msimbo wa lugha ya Lua. Kwenye init.lua unaandika core.register_craftitem, unalipatia tunda jina parachichi:tunda, unaandika maelezo yatakayosomeka, "Parachichi," unataja picha yake, halafu unaandika on_use ni sawa na core.item_eat, kwenye mabano 4. Hiyo 4 maana yake ukila unarudishiwa mioyo miwili, kwa sababu moyo mmoja ni pointi 2. Mistari haifiki hata kumi.

LUSAJO: Na picha?

ATU: Picha ndiyo ilichukua muda, na ndiyo ilikuwa raha. Ni vinukta 16 kwa 16 tu. Alichora ganda la kijani kiza, ndani njano mpauko, kokwa kahawia. Akafuta, akachora tena, kokwa lilikuwa linaonekana kama jicho. Ukiwa na vinukta 256 tu, kila kimoja kina uzito wake. Alipoingia kwenye gemu akalishika mkononi mwa mhusika wake, wenzake wakaanza kuomba: sisi tunataka ulanzi, sisi tunataka bajaji. Bajaji ni ngumu zaidi, inahitaji mwendo. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Na mimi nawaambia walimu wanaotusikiliza, huyo mtoto hakuambiwa anasoma programu.

LUSAJO: Wakitaka kuchukua modi za wengine je?

ATU: Zipo nyingi kwenye ContentDB, maktaba ya magemu na modi unayoifungua ndani ya Luanti yenyewe. Ila modi ikikuomba uiongeze kwenye orodha ya zinazoaminiwa, simama usome kwanza. Kwa kawaida Luanti inazizuia modi zisiguse mafaili yako nje ya eneo lake; ukishaiamini umeiondolea huo uzio.

LUSAJO: Halafu ukubwa wa dunia. Tukichukulia bloku moja ni mita moja, dunia nzima ni kama kilomita 62 kila upande. Mbeya mjini na Tukuyu zinaenea humo, kwa mstari ulionyooka, na Ziwa Ngosi katikati. Kuna vijana hapa wamejenga bonde la Ngosi kwa mikono, bloku kwa bloku, halafu wakagundua hawajui kina cha maji. Wakaanza kubishana.

ATU: Sisi tulijenga nguzo za Isimila, kule Iringa.

LUSAJO: Haya, intaneti. Kwa sababu mtu wa Makambako atataka kucheza na binamu yake aliyeko Mbalizi. Hapa niseme wazi: ukitumia laini ya simu, kufungua poti kwenye ruta mara nyingi hakusaidii. Anwani za IP za aina ya zamani ni kama bilioni 4.3 tu duniani kote, kwa hiyo mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ruta uangalie anwani iliyopewa. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya huo mlango wa pamoja, na mgeni wa nje hawezi kukufikia. Njia ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, au kutengeneza njia ya siri kati yenu kwa programu ya WireGuard. Na kumbuka Luanti inatumia UDP; huduma za kupitisha TCP peke yake, ambayo ni njia nyingine ya data, hazitakufaa.

ATU: Ukikodi, Ulaya au karibu?

LUSAJO: Karibu kadiri unavyoweza. Mwanga ndani ya nyuzi za intaneti unakwenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kabla mashine yoyote haijafikiri. Kwa kujenga nyumba utavumilia. Kwa kupigana panga, hapana.

ATU: Mimi hapa tunatofautiana, kaka Lusajo. Kama wachezaji ni watoto, sioni haraka ya kuiweka nje. Chati ya gemu ni mlango wa watu usiowajua. Seva ya darasani, kila jina namjua mwenye nalo.

LUSAJO: Lakini binamu wa Mbalizi?

ATU: Binamu aingie kwa ile njia ya siri, watu wanaojuana. Ninachokataa ni kuitangaza kwenye orodha ya hadhara. Kwa kawaida seva haijitangazi, iache hivyo. Kataza maneno ya siri matupu. Na ruhusa: mgeni apewe interact na shout tu, yaani kugusa na kuongea. Kuruka, kugawa vitu, kufukuza watu, hizo unampa mtu kwa amri ya grant ukiwa umemwona anavyokaa na wenzake. Usimpe mtu ruhusa ya privs kwa urafiki, kwa sababu huyo anaweza kuwagawia wengine kila kitu.

LUSAJO: Hapo umenishika. Kwa watoto nakubali.

ATU: Na uharibifu utatokea tu. Mtoto anarudi anakuta nyumba yake imebomolewa, analia kweli kweli. Kabla hilo halijatokea, kwenye minetest.conf weka enable_rollback_recording iwe true, ili seva iandike kila kinachofanyika. Baada ya hapo unaandika rollback_check, unagonga bloku, seva inakuambia nani aliigusa mwisho. Rollback yenyewe inarudisha alichokifanya mtu fulani ndani ya sekunde ulizotaja. Mimi huwa namwita aliyebomoa, tunasimama wote wawili pale penye shimo, tunaongea, ndipo narudisha. Nikirudisha kimya kimya, kesho atabomoa tena.

LUSAJO: Nakala ya akiba?

ATU: Zima seva kwanza kwa amri ya shutdown, ndipo unakili folda yote ya dunia. Ramani iko kwenye faili la map.sqlite, ukilinakili huku watu wanacheza unaweza kupata faili bovu. Unaweka kwenye flashi, na flashi haikai chumba kimoja na laptopu. Halafu ifungue hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine, poti 30001, utembee mpaka kwenye nyumba ya mtu uione imesimama. Ikiwa imesimama, sasa unaweza kufuta nakala ya wiki iliyopita.