Hasi ya Pamoja: Kwa Nini Taa za Pikseli Zinapepesa

Mwangaluka, ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni. Nashukuru mmefika, maana najua kuna waliovuka na feri ya Kamanga asubuhi hii. Naona mafundi umeme, naona wapambaji wa kumbi, na pale nyuma naona vijana wa kupiga video za harusi. Wote mnalia kilio kimoja: taa za pikseli, hizi ndogondogo za kwenye mkanda ambazo kila moja inabadili rangi peke yake, zinapepesa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Tulifunga mkanda wa mita tano nyuma ya viti vya maharusi, ukumbi mmoja huku Nyegezi, hapa hapa Mwanza. Mchana tukajaribu, safi kabisa. Jioni, maharusi wako njiani, balaa: pikseli moja kijani, nyingine zambarau, mara zote zinazima na kurudi. Nikabadili mkanda. Zikapepesa. Nikabadili pawa saplai. Zikapepesa vilevile. Kijana wangu akashika kiboksi cha kontrola, kile kinachotuma amri za rangi kwenye mkanda, ili akisogeze, taa zikatulia tuli. Akakiachia, zikaanza tena. Mama mpambaji akasema, "Basi huyu akae hapohapo akishike mpaka keki ikatwe." Na kweli alikaa, kajificha nyuma ya pazia na suti yake ya kuazima.

Kosa lilikuwa nini? Mkanda ulikuwa unakula umeme wa pawa saplai, kontrola nimeichomeka kwenye chaja ya simu, na hasi za hao wawili, yaani nyaya zao za kurudisha umeme, sikuziunganisha. Nilidhani waya wa data, ule unaobeba amri za rangi, unatosha. Hautoshi, kwa sababu volti haipimwi kwenye waya mmoja, inapimwa kati ya nyaya mbili. Kontrola inasema "hii ni moja, hii ni sifuri" kwa kulinganisha na hasi yake. Mkanda unasikiliza kwa kulinganisha na hasi yake nyingine. Hapo hawaelewani. Mkono wa kijana ulikuwa unapunguza kelele za umeme tu, haukuwa tiba. Waya mmoja mfupi kutoka hasi hadi hasi, kazi ingeisha kabla ya ndugu wa bwana harusi hawajafika.

Sasa tuingie ndani ya pikseli yenyewe. Chukua hii ya WS2812B, ndiyo iliyojaa mjini. Kila taa ina chipu yake. Data inaingia upande mmoja, chipu inachukua biti 24 za kwanza, yaani zile moja na sifuri, 8 kwa kila rangi ya nyekundu, kijani na bluu, kisha inapitisha zilizobaki kwa jirani. Ni kama watu wamejipanga pale sokoni Mwaloni wanapokezana mizigo: wa kwanza anachukua wake wa juu, mingine anaisukuma mbele. Biti moja ni maikrosekunde 1.25, kwa hiyo pikseli moja inahudumiwa kwa maikrosekunde 30, na mkanda wa pikseli 300 unamalizika kwa milisekunde 9. Kwa mwendo huo, kelele kidogo tu kwenye waya inageuza sifuri kuwa moja, na wewe unaona rangi ambayo hukuiomba.

Faida ya mpangilio huo ni kwamba ugonjwa unajionyesha wenyewe. Zikiwa nzima mpaka ya 40 na kuanzia ya 41 ni vurugu, usiguse za mwisho. Mgonjwa ni ya 41 au ni ya 40, kwa sababu ya 40 inaweza kuwaka vizuri huku mlango wake wa kutoa data umekufa. Wengi wanakata ya 41 peke yake halafu wanashangaa. Na kabla ya kukata, angalia risasi ya kulehemu kwenye maungio. Unyevu wa ziwa unaingia pale silikoni ilipopasuka, na wale wadudu wa ziwani wakija usiku kwa mawingu yao, wanajaa humo humo.

Vurugu ikianzia pikseli ya kwanza kabisa na hasi zimeungana, shuku volti ya data. Mkanda wa volti 5 unataka asilimia 70 ya umeme wake ili ukubali kwamba hii ni moja, yaani volti 3.5. ESP32, chipu iliyomo kwenye kontrola nyingi, inatoa 3.3. Siku nyingine inapita, siku nyingine haipiti, ndiyo maana mchana ilikuwa safi kwako na usiku ikakuumbua. Dawa yake ni chipu ya kupandisha volti, 74AHCT125. Huna? Weka pikseli moja ya kafara karibu na kontrola, chanya yake ipite kwenye dayodi ya kawaida, ambayo inakula volti kidogo. Itabaki na volti kama 4.3, itakubali data ya 3.0, na yenyewe itatoa data ya 4.3 ambayo mkanda utaisikia vizuri.

Kuhusu umeme sitachelewa. Pikseli ikiwaka nyeupe kamili inaweza kula milliampea 60. Zidisha kwa 300: ampea 18. Mtu anakuja na adapta ya ampea 2! Dalili yake ni nyeupe inayogeuka njano kuelekea mwishoni, kwa sababu bluu na kijani zinataka karibu volti 3 na nyekundu inaridhika na 2. Lisha mkanda pande zote mbili, weka kapasita ya maikrofaradi 1000, lile tangi dogo la umeme, pale umeme unapoingilia mkanda, na rezista ya omu 330 kwenye data.

Kijana wa video ananyoosha mkono, anasema kwake zinapepesa na sisi hatuoni. Ni kweli, na usifungue kitu. Chipu inapunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka, za zamani mara 400 hivi kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya kamera ikiwa ya haraka inaona. Shusha shata mpaka 1/50 ya sekunde, au mpambaji apandishe mwangaza.

Haya, nani amekuja na mkanda wake? Lete hapa mezani, na hiyo chaja ya simu ichomoe kwanza.