Ardhi ya Hospitali na Nyumba za Wauguzi: Nani Anayeishika Hati?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie swali moja: hospitali ya umma inapobaki na ardhi isiyoihitaji tena, je, ardhi hiyo inaweza kuwapatia watumishi wake nyumba wanazozimudu? Nitatumia mfano wa Uingereza, kwa kuwa huko jambo hili limejadiliwa na kujaribiwa kwa upana, na pia kwa kuwa wauguzi wa Kenya huajiriwa huko chini ya makubaliano ya serikali mbili yaliyotiwa saini Julai 2021. Baadhi ya wapangaji tunaowazungumzia leo ni ndugu zetu.

Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, ilipoanza tarehe 5 Julai 1948 ilirithi hospitali za zamani zenye viwanja vipana na kota za wauguzi, ambako msichana aliyekuwa mafunzoni alipewa chumba kimoja chini ya macho ya metroni. Baadaye hospitali kubwa za magonjwa ya akili zilifungwa, wagonjwa wakaanza kulazwa kwa siku chache zaidi, na huduma zikakusanywa katika majengo mapya, hivyo ardhi ikabaki. Mwaka 2017 Sir Robert Naylor, mshauri wa serikali kuhusu ardhi na majengo ya NHS, aliikabidhi serikali ripoti iliyokadiria kwamba ardhi hiyo ingeweza kutoa nafasi ya nyumba 26,000. Oktoba ya mwaka huohuo Waziri wa Afya, Jeremy Hunt, aliahidi kwamba watumishi wa NHS wangepewa nafasi ya kwanza katika nyumba za bei nafuu zitakazojengwa humo.

Ahadi hiyo ilikuwa njema, lakini haikugusa kanuni inayoendesha mauzo yenyewe. Taasisi ya umma inapouza ardhi hutarajiwa kupata bei bora kabisa, na mnunuzi anayeweza kuilipa ni yule anayekusudia kujenga nyumba za gharama kubwa kabisa. Middlesex Hospital, iliyoanzishwa mwaka 1745 katikati ya London, ilifungwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata kiwanja chake kikauzwa kwa pauni milioni 175. Sasa pana ofisi na maghorofa ya kifahari ambayo muuguzi wa kawaida huyapita tu akielekea kazini. (Aliyekuwa mtendaji mkuu wa taasisi iliyouza kiwanja hicho ni huyohuyo Sir Robert Naylor, sisemi hivyo kwa kumlaumu, kwani fedha za hospitali mpya zilipaswa kutoka mahali fulani.)

St Ann's, kaskazini mwa London, ilifuata njia nyingine. Mwaka 2018 Mamlaka ya London Kuu iliinunua sehemu kubwa ya ardhi ya hospitali hiyo, na kwa kuwa mnunuzi alikuwa chombo cha umma, masharti yaliwekwa kabla mjenzi hajachaguliwa, likiwemo sharti kwamba angalau nusu ya nyumba ziwe za bei nafuu. Hospitali ilipata fedha zake na ikaendelea kutoa huduma kwenye ardhi iliyobaki.

Hata hivyo, tuulize nyumba hiyo ni nafuu kwa nani. Tangu mwaka 2011, nyumba ya kupanga nchini Uingereza inaweza kuhesabiwa kuwa ya bei nafuu hata ikitozwa asilimia 80 ya kodi ya soko. Mwaka 2023/24 muuguzi wa daraja la 5, yaani ngazi anayoanzia muuguzi aliyesajiliwa, alianza na pauni 28,407 kwa mwaka kabla ya makato, na akiongezewa posho ya asilimia 20 ya katikati ya London alifika takribani pauni 34,000, yaani kama pauni 2,840 kwa mwezi. Tuchukulie kwamba kodi ya soko ya nyumba fulani ni pauni 2,000 kwa mwezi: asilimia 80 yake ni pauni 1,600, zaidi ya nusu ya mshahara huo. Kipimo cha unafuu hakina budi kuwa mshahara wa mpangaji, si kodi anayotoza jirani yake.

Kwa maoni yangu, hospitali isiuze kabisa pale inapoweza kukodisha kwa mkataba mrefu, tuseme wa miaka 125, huku hati ya umiliki ikibaki mikononi mwake pamoja na haki ya kuteua wapangaji. Kukodisha hakutaleta fedha nyingi kwa mkupuo, na mkurugenzi wa fedha mwenye paa linalovuja wodini atanipinga, tena kwa haki. Lakini kiwanja kikishauzwa, hospitali haina tena njia ya kukirudisha watumishi wanapokikosa.

Lipo jambo jingine ambalo mikataba mingi hulipita haraka. Muuguzi aliyetoka Nairobi au Kisumu hukaa Uingereza kwa viza inayofungamana na mwajiri wake. Nyumba yake nayo ikiwa ya mwajiri huyohuyo, akigombana na msimamizi wake huhatarisha vyote kwa siku moja. Kwa hiyo ningependelea nyumba zisimamiwe na chama cha nyumba kilicho huru, yaani shirika lisilo la faida linalopangisha nyumba, na mkataba wa pango umpe anayeacha kazi miezi sita au zaidi ya kutafuta makazi mengine, kwa kodi ileile aliyokuwa akilipa.