Kinatamkwa na Nani?

Asanteni, kaeni. Waliokuja mara ya mwisho wanajua ninakoelekea, wanivumilie.

Mzazi anafungua daftari la mtoto anayemfundisha nyumbani. Anakuta "mama anarara". Anakuta "feza". Anakuta "nguo ni gali". Anashusha pumzi, kisha anatoa ile sentensi ambayo nimeisikia mpaka naiota: "Lakini si Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa?"

Ndiyo, kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kinatamkwa na nani?

Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 kukawa na kamati ya kusimamia lugha hiyo pamoja na maandishi yake. Herufi tunazofundisha leo zinafuata mdomo huo. Midomo yetu mingine haikuulizwa. Mtu aliyelelewa na lugha isiyotofautisha l na r hutamka Kiswahili kwa ulimi wa lugha hiyo, na hana kosa lolote. Kosa linaanza siku anaposhika kitabu kumsomea mtoto imla.

Shuleni mtoto husikia midomo mingi: walimu kadhaa, wenzake wengi, kila mmoja na lafudhi yake. Nyumbani anasikia mdomo mmoja, na ndio huohuo unaosahihisha. Ukisoma "anarara", mtoto anaandika "anarara". Ameandika alichosikia, kwa uaminifu kamili. Halafu wewe unachukua kalamu nyekundu na kuyaadhibu masikio yake kwa kosa la ulimi wako. Na adhabu yenyewe mnaijua: andika mara kumi.

Hebu tusimame hapo kwenye mara kumi. Mtazameni mtoto anayeandika "dhahabu" mara kumi. Neno la kwanza anaandika akiwa makini, la pili pia. Kuanzia la tatu anagundua njia ya mkato: anashuka na d nane kwa mstari wima, anarudi juu anashuka na h nane, kisha a nane. Anajenga ukuta kwa matofali, neno halimo kichwani kabisa. Na kama la tatu aliandika "dhabu", basi saba zilizobaki ni "dhabu" pia, kwa sababu ananakili mstari wa juu. Umemfanyisha mazoezi saba ya kukosea. Baada ya hapo tunasema mtoto ni mzito!

Tufanyeje? Kwanza, wewe mwenyewe. Jirekodi kwenye simu ukisoma aya moja, kisha sikiliza ukiwa na kitabu mkononi. Utajua ndani ya dakika mbili ni herufi zipi zinakuponyoka. Ukishazijua, jifunze sauti ya imla, yaani namna ya kusoma polepole na kwa kutia chumvi, hata kama ukitoka mezani unarudia lafudhi yako. Hakuna anayekutaka uongee hivyo sokoni. Sauti usizoziweza kabisa, tafuta mdomo mwingine: msomaji wa taarifa ya habari redioni, jirani, shangazi aliyerekodiwa akisoma maneno thelathini.

Pili, mfundishe mtoto sauti kwa mwili wake, maana sikio pekee linadanganya. L na r: akivuta l, "llll", ulimi umetulia pale kwenye ufizi, akijaribu kuvuta r, ulimi unatetemeka. Dh, th na z: weka kiganja kooni. Kwenye dh na th ulimi unachungulia kati ya meno, ila dh inatetemesha koo na th haitetemeshi. Kwenye z koo linatetemeka lakini ulimi umejificha nyuma ya meno. Mpe kioo ajionee. G na gh: gh unaweza kuivuta kama mtu anayesukutua maji kooni, g haivutiki, inafunga na kufunguka basi. Ng' na ng: avume "ng'ng'ng'" kisha abane pua. Sauti inakatika, kwa kuwa yote ilikuwa inapita puani. Kwenye "ngoma" kuna g inayotokea mdomoni, kwenye "ng'ombe" haipo. Watoto wanapenda sana hili la kubana pua, na mtacheka, lakini ile alama ya juu kwenye ng' haisahauliki tena.

Sasa nasikia mtu anasema moyoni: mwanangu hata nikimbana pua mwaka mzima hatasikia tofauti ya dh na z, hapa kwetu hakuna anayeitofautisha. Sawa. Basi acheni kutegemea sikio na mtumie kumbukumbu, lakini kumbukumbu yenye mpango. Maneno ya dh, th, gh na kh mengi yana asili ya Kiarabu, na yale ambayo mtoto anayahitaji kweli si mengi. Zaidi ya hayo, yana ukoo. Akishika "adhabu", amepata "adhibu" na "adhibiwa". Akishika "shughuli", amepata "shughulika" na "shughulikia". "Gharama" inamletea "gharamia". Kwa hiyo fundisha ukoo mmoja mmoja, maneno matatu kwa wiki. Orodha ya maneno ishirini ya mtihani wa Ijumaa inafutika Jumamosi asubuhi, tena hasa pale maneno yenyewe yanapokuwa hayahusiani.

Mazoezi ya kumbukumbu ni haya: aangalie neno, alitamke silabi kwa silabi, alifunike, aliandike, afunue alinganishe. Kufunika ndiyo dawa yenyewe; bila kufunika ananakili tu, turudi kwenye ukuta wa matofali. Rudieni kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Neno lililokataa linarudi mwanzo wa foleni, bila hotuba.

Imla yenyewe ya kila siku isizidi dakika 15. Sentensi moja au mbili, za maneno sita hadi manane. Isome nzima. Mtoto airudie kwa sauti kabla ya kugusa penseli. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayokuonyesha kama kosa limezaliwa sikioni au mkononi. Akirudia vizuri na kuandika vibaya, tatizo liko kwenye herufi. Akirudia vibaya, acheni herufi, rudini kwenye kioo. Akimaliza, asome alichoandika kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, kwa sababu akisoma kwa mtiririko atasoma alichokusudia, macho yataruka makosa. Hapo wewe umekaa kimya. Ndiyo, kimya. Najua inauma.

Halafu kila kosa liandikwe kwenye daftari lako chini ya kundi lake: sikio, silabi, mpaka wa maneno, kumbukumbu. Baada ya wiki mbili utashangaa: makosa hamsini yaliyokunyima usingizi ni ya kundi moja, au mawili.

Kundi la silabi nilipitie haraka, muda unanikimbia. Piga makofi. "Kata" makofi mawili, "kataa" makofi matatu. Anayeandika "mutoto" amesikia vizuri kwamba m ile ni silabi peke yake, na ameona kila silabi lazima iwe na irabu. Mwambie m inaweza kusimama peke yake: m-to-to, makofi matatu, herufi ya kwanza haina mwenzake. Anayeandika "buzi" badala ya "mbuzi" ana tatizo tofauti, hajaisikia m kabisa. Huyo afunge midomo na kuvuma kabla ya kuachia b.

Mpaka wa maneno: jaribu kuchomeka neno katikati. "Kwa sababu" unaweza kusema "kwa hiyo sababu", basi ni maneno mawili. "Ana kuja"? Hakuna kinachoingia hapo, basi ni "anakuja", neno moja. Na "kuwa" na "kua", ugomvi wa kila siku, mwambie akanushe. "Alikuwa mwalimu", hakuwa mwalimu. "Alikua haraka", hakukua haraka. Kwenye kukanusha w inajitokeza yenyewe au inakosekana, na mtoto hahitaji kanuni nyingine. "Aliye" na "alie" nilitaka tuzipitie leo. Haitawezekana.

Kuna wanaosema simu itamsahihishia. Simu itasahihisha "feza". "Kura" na "kula" zote ni maneno halali, "kuwa" na "kua" pia, "kata" na "kataa" pia. Simu itanyamaza na barua itakwenda hivyohivyo.

Jingine kwa haraka: mtoto wa miaka minane au tisa aliyefundishwa vizuri kwa muda wa kutosha na bado anaangusha silabi nzima, anageuza b na d, na kusoma kwenyewe kunamtesa, huyo msimwongezee imla. Apimwe masikio kwanza, kisha macho, kisha aonwe na mtaalamu wa matatizo ya kusoma na kuandika. Disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, haitibiwi kwa mara kumi wala mara mia.

Na vifutio viondoeni mezani. Kosa lifutwe kwa mstari mmoja, lionekane, la sivyo daftari lako la makundi litabaki tupu.

Naona mnatazama saa. Haya, toeni karatasi, nasema kweli, toeni. Nasoma mara moja tu, mrudie kwa sauti kisha mwandike: "Mthamini alikataa kuwa mdhamini wa yule aliyeficha dhahabu ghalani."